Laini ya Shuleni Haikuwa Mbovu

Mwanangu Saumu,

Salamu za barua hii nitazifupisha, maana historia yangu na salamu unaijua, na kama umeisahau nitakukumbusha mbele kidogo. Mimi ni mzima. Wewe pia ni mzima, nakusikia unavyocheka huko uani. Sasa hivi ni saa tisa alasiri na nimejifungia kwenye chumba cha betri cha kituo cha simu. Nimewaambia wageni waliokuja kukuaga kwamba nakuja kuangalia maji ya betri. Maji ya betri hayana neno lolote, niliyaangalia asubuhi.

Ninawakimbia wageni, na hasa ninakukimbia wewe. Dakika chache zilizopita Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, sahani ya pilau mkononi, anaisimulia ile hadithi kwa mara ya tatu tangu adhuhuri. "Laini imekatika, jamani! Mombo hakuna! Saa sita inakaribia! Baba Saumu afanye nini? Akazipindisha nyaya za nchi nzima mpaka zikafika Dar es Salaam!" Watu wakapiga makofi, shangazi yako akapiga vigelegele. Nawe ukaja ukaniegemea begani, ukasema, "Huyo ndiye baba yangu. Bila yeye nisingekwenda." Nikaiweka sahani yangu chini. Ndipo nikakumbuka betri.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ameshakwambia mama yako, na kesho atakwambia tena pale dirishani mpaka dereva wa basi akasirike. Mimi huko sina la kuongeza. Ninachotaka ni kuisahihisha hiyo hadithi kabla hujaipeleka ng'ambo. Nakujua, utaisimulia. Utawasimulia walimu wako, utawasimulia wenzako, na siku moja utawasimulia wanao, na mimi nitakuwa shujaa katika lugha nisizozijua.

Hadithi yenyewe ni ya kweli kuanzia pale mnapoanzia. Tatizo ni kwamba ninyi mnaanzia Ijumaa. Mimi ninaijua kuanzia Jumatatu.

Lakini nikurudishe nyuma kwanza, umwone vizuri huyo mtu uliyempata kuwa baba.

Nilikalia kiti cha swichibodi tulipopata uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa nawabebea ngazi mafundi wa laini, kupanda na kushuka milima hii. Yule bwana aliyekuwa opereta akafunga masanduku yake, akanikabidhi visikilizio vikiwa bado na joto la masikio yake, pamoja na kitabu cha njia. Kitabu hicho unakijua, kile chenye jalada jekundu. Kila mahali pameandikwa, na waya upi uchomekwe tundu lipi. Tanga, kupitia Mombo. Korogwe, kupitia Mombo. Dar es Salaam, kupitia Mombo. Nilikipenda kitabu kile kupita kiasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kofia ya serikali kichwani, na nilidhani nchi itasimama imara endapo mimi Shabani sitakiuka ukurasa hata mmoja.

Sasa trankoli, yaani simu ya mji wa mbali, ilikuwa dakika tatu. Zikiisha, opereta anauliza, "Mnaongeza?" Wasipojibu, anakata. Ndivyo kilivyosema kitabu, na aliyekiandika hakuwahi kusalimiwa na Mshambaa.

Akaja Mzee Shemndolwa kupiga simu Korogwe kwa mkwewe mtarajiwa, wapange siku ya harusi ya kijana wake. Nikamwunganisha, nikaangalia saa. Wakaanza. "Onga mshi!" "Onga mshi!" Habari za hapo. Tiwedi, yaani wazima. Za mama. Za watoto. Za yule aliyekuwa anaumwa mguu. Za mvua. Za ng'ombe, mmojammoja. Dakika tatu zikaishia kwenye mbuzi, harusi haijatajwa. Nikauliza kwa Kiswahili cha ofisini, "Mnaongeza?" Wala hawakunisikia. Nikachomoa waya.

Ubaya ni pale nilipochomolea. Yule wa Korogwe alikuwa amemleta mdogo wake kwenye simu naye aamkie. Kijana wa watu akasema, "Shikamoo, mzee," na hapohapo nikakata. Kule Korogwe wakasikia kimya. Shikamoo imetoka, marahaba haijarudi! Wakaelewa jambo moja tu, kwamba Mzee Shemndolwa ameidharau ile shikamoo na kuweka simu chini. Siku ya nne wakarudisha kishika uchumba.

Nilishuka mwenyewe hadi Korogwe, Saumu, na mbuzi wangu kwenye kamba, mimi na Mzee Shemndolwa ambaye hakunisemesha njia nzima. Nikasimama mbele ya wazee wa watu nikaeleza kwamba marahaba ile ilikuwepo, ila mimi ndiye niliyeichomoa. Wakanong'onezana. Kisha wakamwita yule kijana, akasimama, akasema tena shikamoo yake mbele ya wote, na Mzee Shemndolwa akajibu marahaba kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ndoa ikafungwa, na binti wa ndoa hiyo uliwahi kumfundisha hesabu, yule mwenye mwandiko mbaya.

Tangu hapo nikajitungia utaratibu wangu. Kabla ya kuunganisha trankoli nilikuwa naita pande zote mbili, kisha nazipitisha salamu mwenyewe. "Mzee, mkweo wa Korogwe yupo hapa, anakuamkia." "Marahaba. Mwulize ng'ombe." "Wazima." Salamu zikishakwisha, nachomeka waya, naanza kuhesabu dakika, na watu wanazungumza shida yao hadi wanaimaliza. Alipokuja mkaguzi aliniuliza, "Hili la salamu liko ukurasa wa ngapi?" Nikamjibu, "Halimo, bwana." Akakaa, akasikiliza simu moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Akafunga daftari lake. "Mimi sikuona kitu," akasema, na chai akanywa.

Haya. Sasa Jumatatu.

Simu ya Dar es Salaam iliingia saa nne kasoro. Karani wa wizara huko alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyekula asubuhi. "Ndugu opereta, habari za kazi. Nipatie shule ya sekondari ya hapo kwenu. Nina ujumbe wa mwalimu Saumu Shabani."

"Ujumbe gani, ndugu?" Sikupaswa kuuliza.

"Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, mambo ya kompyuta. Miaka minne. Athibitishe mwenyewe kwa simu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipothibitisha, nafasi anapewa anayemfuatia."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika plagi, Saumu. Tundu la shule lilikuwa mbele yangu, ilibaki upana wa kidole. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndugu, laini ya shuleni mbovu. Nitampelekea ujumbe mwenyewe."

Laini ya shuleni haikuwa mbovu. Robo saa kabla ya hapo mwalimu mkuu alikuwa ameitumia kuulizia chaki.

Nikaandika maneno ya yule karani kwenye kikaratasi, nikakitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Sikukuletea. Si Jumatatu, si Jumanne, si Jumatano.

Utaniuliza kwa nini, nami nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza unaweza kuikisia. Wewe ndiye mtoto wetu pekee, na nyumba hii nimezoea kuisikia ikiwa na miguu yako ndani. Miaka minne nilipoihesabu niliiona haina mwisho. Sababu ya pili naona aibu kuiandika, lakini ndiyo iliyokuwa kubwa. Ulishaniambia kwamba huko kwa wenzetu opereta hawapo tena, mtu anazungusha namba na mtambo unachagua waya wenyewe. Nikaona mtoto niliyemsomesha kwa kiti hiki anakwenda kusomea namna ya kukiondoa. Ulikuwa wivu wa kipumbavu, wa mtu mzima kumwonea mwanawe, na nilikaa nao siku nne.

Jumanne ulipita hapa na chupa ya chai. "Shikamoo, Baba. Hakuna simu yangu?" "Marahaba. Hakuna." Nilisema bila kupepesa jicho. Jumatano mama yako akataka kulifua lile shati, nikalipokonya mikononi mwake. Akanitazama toka juu hadi chini, akaamini nimeandikiwa na mwanamke. Siku mbili nzima nilikula ugali mkavu kwa sababu ya mwanamke huyo, ambaye alikuwa wewe.

Alhamisi jioni ndiyo iliyonivunja. Utakuwa unaikumbuka, ila hukujua ulichokuwa unakifanya. Mlikuwa jikoni na mama yako, mnachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda, nikakuuliza, "Hebu niambie, hizo mashine zako zinafanya nini hasa?" Nitakwambia ukweli, nilikuwa natafuta ubaya wake. Nilitaka useme neno moja la kunifanya niseme, basi, nilifanya vyema kumzuia.

Wewe ukaacha maharage, ukageuka mzima.

Ukaanza tangu mwanzo kabisa. Ukasema mashine za kwanza zilijua kazi moja tu kwa wakati mmoja, na ukitaka kuzibadilishia kazi ilibidi watu wachomoe nyaya na kuzichomeka kwingine, siku nzima. "Sawasawa na swichibodi yako, Baba." Nikavimba kichwa kidogo hapo. Kisha watu wakagundua kwamba amri zenyewe zinaweza kuwekwa ndani ya mashine, pamoja na hesabu, basi ukitaka kazi nyingine unaandika upya, nyaya haziguswi. Ndiyo kama ile uliyoonyeshwa Dar es Salaam ulipokuwa chuoni, kubwa kuzidi kabati zetu zote, inayolishwa kadi zenye matundu.

Halafu ukafika unapopapenda. Ukatawanya maharage makubwa kwenye ungo, ukasema haya ni mashine, moja mji huu, nyingine mji ule, na wanaziunganisha kwa nyaya za simu. Ukasema siku walipojaribu mara ya kwanza kabisa, walitaka kutuma neno moja tu. Herufi ya kwanza ikafika. Ya pili ikafika. Ya tatu, mashine ikaanguka. Mama yako alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nami nikasema, "Herufi mbili si mbaya. Mimi siku zangu za mwanzo nilipoteza harusi nzima."

Ukachukua choroko ukaonyesha jinsi ujumbe unavyokatwa vipande, kila kipande kimeandikwa kinakokwenda, na kila kimoja kinashika njia yake. Huku pakiziba, vinapita kule. Vikifika vinapangwa upya, mpokeaji hata hajui kwamba vilitawanyika.

"Na kipande kikipotea?" mama yako akauliza.

"Wa upande wa pili anaomba kirudiwe, Mama. Na kabla ya kuanza wanapigiana hodi kwanza. Mmoja anaita, mwenzake anaitikia, wa kwanza anasema nimekusikia. Ndipo wanazungumza."

"Basi wana adabu," mama yako akasema. "Kuliko baba yako alivyokuwa."

Na lile la mwisho, Saumu, lile lilinikaa. Ulisema kwamba pale katikati, penye njia panda za nyaya, wameweka mashine ndogo ambayo kazi yake ni kupitisha tu, nayo pia inapewa amri kwa maandishi. Macho yako yalikuwa yanang'aa moto wa jikoni. Ukasema, "Siku moja, Baba, mtu atakaa mahali pamoja, ataandika amri, na vituo vyote vya nchi vitabadili njia zake bila mtu kugusa waya hata mmoja. Kitabu chako cha njia kitakuwa hai." Ukarudi kwenye maharage yako. "Ila naona wamenisahau huko. Basi. Nitafundisha hapahapa, si vibaya."

Ulisema "si vibaya" huku unatabasamu na kutupa kijiwe nje ya ungo. Kikaratasi kilikuwa kifuani kwangu, chini ya kifungo. Nilitaka kukitoa palepale nikashindwa, nikaenda kulala. Niliamua asubuhi na mapema nitaiita Dar es Salaam, nikuunganishe, iwe imekwisha na asijue mtu.

Asubuhi nikakaa kitini, nikazungusha mkono wa simu kuiita Mombo. Kimya. Nikazungusha tena. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo, nguzo mbili zimelala chini huko mteremkoni. Uongo wangu ulikuwa umegeuka kweli, ila umehamia laini nyingine. Fundi wa laini akaniambia, "Jioni, Mzee Shabani, nikijitahidi." Ilikuwa saa tatu. Saa sita walikuwa wanampa nafasi yako mwingine.

Nilikifungua kile kitabu chekundu ukurasa kwa ukurasa. Dar es Salaam, kupitia Mombo. Nilikitupa chini, Saumu, kitabu cha serikali. Na nilipoinama kukiokota nikayaona maharage yako. Naapa niliyaona. Huku pakiziba, vinapita kule.

Mombo ilikuwa imeziba, lakini Bumbuli ilikuwa hai. Kutoka Bumbuli kuna waya hadi kiwanda cha chai cha Mponde. Na kiwanda kina waya wake chenyewe unaoshuka hadi Korogwe, wa kuitia malori. Njia ilikuwepo miaka yote, hakuna aliyeiandika.

Nikamwita Rajabu, opereta wa Bumbuli. "Rajabu, nichomekee kiwandani, kisha uache hivyohivyo, usichomoe hata akija waziri."

"Kitabu kinasema..."

"Rajabu, ni Saumu wangu."

"Nimeshachomeka."

Karani wa kiwandani alikuwa mama mmoja, sijawahi kumwona hadi leo. "Ndugu, simu hii ni ya chai," akaniambia. Nikamwambia najua, leo naomba imbebe mwanangu kidogo. Akauliza wewe ni mtoto wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza na wa mwisho. Nilichosikia ni mlio wa waya kuchomekwa. Opereta wa Korogwe ni rafiki yangu, tulijuana siku ile niliposhuka na mbuzi. Alinitambua kwa kikohozi tu. Yeye ndiye aliyenifikisha Dar es Salaam.

Ndipo nikachomeka shule, tundu lile lile, na nikasikia mwalimu mkuu anatuma mtu akuite.

Unaikumbuka sauti ya yule karani, ilivyokuwa inatoka chini ya maji? Kila kituo ilichopita kilikuwa kimeimega. Akaanza, "Habari za huko, mwalimu, habari za mvua..." Nikaingilia, "Ndugu, salamu zimeshatangulia, sema jambo!" Akauliza kama unathibitisha. Ukasema, "Ndiyo, ninathibitisha." Hakusikia. Ukasema tena, ukapiga kelele, hakusikia. Na hapo ndipo kilipotokea kile ambacho Balozi hawezi kukisimulia, kwa sababu alikuwa hajavaa visikilizio. Nilimsikia Rajabu anadaka, "Anathibitisha!" Yule mama wa kiwandani akadaka, "Anathibitisha!" Korogwe akapaza, "Anathibitisha, ndugu, mwandike!" Watu watatu, wawili kati yao hawajawahi kukuona, wanapokezana neno lako mlima hadi mlima mpaka pwani. Yule karani akasema, "Nimemwandika." Saa sita kasoro dakika saba. Nyuma ya yule mama wa kiwandani nikasikia vigelegele, kumbe alikuwa amewaambia wachambuzi wa chai wote.

Nililia, mwanangu. Nilivua kofia nikaifunika uso nikalia kwa furaha kama mtoto, na mpaka leo sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko ile.

Na jioni yake mkaanza kuniita shujaa, nami nikaitikia. Miezi miwili sasa ninaitikia. Ulisema wizara ilichelewa kukupigia, nikasema, "Unajua tena mambo ya ofisi." Nimemsingizia yule karani mwenye sauti nzuri, ambaye alifanya kazi yake siku ya kwanza. Huyo mtu aliyekaribia kukunyima safari yako hakuwa mvua, wala ofisi, wala nguzo za Mombo. Alikuwa anakunywa chai uliyomletea.

Sasa nisikilize jambo moja, halafu nirudi kula pilau. Ulisema mtu atakaa mahali pamoja na kuandika amri za njia zote. Mimi nimekuwa mtu huyo, kwa nyaya kumi na mbili tu, na nakwambia kiti hicho kina raha mbaya. Nje ya kitabu nimefanya mambo matatu maishani. Nimepitisha salamu za watu, nimezungusha simu yako Mponde, na nimeficha kikaratasi. Mkono ni uleule, Saumu. Kama ningekuwa mtu wa kufuata kitabu tu, nisingekuficha, lakini nisingekuokoa pia. Mimi ni mtu wa plagi tu. Jibu la hilo mlitafute ninyi mnaokwenda kusoma. Ila utakapokuwa unaandika hizo amri zako, mkumbuke Baba na shati lake, na uweke namna ya yule aliye mwisho wa waya kujua kwamba kulikuwa na simu yake.

Na kiti changu mkiondoe tu. Kinaniuma mgongo. Ningependa wewe ndiye ukiondoe kuliko mtu mwingine yeyote, na siku hiyo unikaribishe nije nione, nitakaa mbele kabisa na kofia yangu. Nina furaha na safari yako ambayo sijui niiweke wapi. Leo asubuhi nimejikuta naimba nikichota maji, na jirani ameniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Mama yako anajua yote tangu jana. Nilimwambia yeye kwanza. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?" Nikasema hakukuwa. Akasema, "Afadhali angekuwepo," akaingia ndani. Baadaye akatoka na kuniambia, "Mwambie kabla ya Mombo." Ndiyo maana barua hii utaikuta kikapuni, juu ya matunda ya plamu, na basi litakuwa halijafika Soni. Ile njia ina kona nyingi, utapata muda wa kuisoma, na wa kukasirika pia.

Mombo basi litasimama kusubiri abiria. Umemwahidi mama yako kwamba utampigia kutoka hapo saa nne. Atakuwa hapa, ndani ya kibanda cha simu, amevaa kitenge kipya kwa ajili ya simu isiyo na macho. Nami nitakuwa kitini. Nitaitikia kama ninavyomwitikia kila mtu, "Namba, tafadhali." Ukisema "Mama", nitachomeka waya wako hadi kibandani, palepale, bila swali.

Kisha nitavua visikilizio niviweke mezani. Miaka yote hii sijawahi kuvivua wewe ukiwa hewani, na wewe ulijua, ulikuwa unanisalimia katikati ya maneno yako na watu wengine. Kesho sitasikia. Mnizungumzie mtakavyo, na mkae mtakavyo, sitauliza kama mnaongeza.

Na ukiona unaweza kuzungumza na mimi, mwambie mama yako agonge kioo cha kibanda. Mara moja inatosha. Maneno yenu sitayasikia, lakini nitakuwa nakitazama kile kioo.

Baba yako,
Shabani